Kizingiti cha Mama Kaswera

Bunia, tarehe 2 Machi 2024

Mpwa wangu Bénédicte,

Kabla ya neno lolote, pokea salamu za nyumba nzima, kila mtu kwa cheo chake. Mama yako, dada yangu Martine, ni mzima. Tangu tulipomtoa Djugu hajaacha kulalamika kwamba maharage ya Bunia hayaivi kama ya kwao, na mtu mwenye nguvu za kulalamikia maharage ni mtu mwenye afya. Mvua zimeanza. Barabara ya Kasenyi ilikatika, na mke wangu, tantine yako Kaswera, ambaye hakubali kushindwa na matope, alikaa huko ziwani tangu Ijumaa hadi Jumatatu akingoja lori lipite na samaki wake. Amerudi salama. Aliniamkia kwa maneno rasmi kidogo, nadhani ni uchovu wa safari. Chakula nacho kimekuwa na chumvi nyingi wiki hii. Labda ni unyevu wa hewa. Uwanja umejaa vichanja vyake vya kuanikia, juu ya vichanja kuna makayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, na juu ya makayabo kuna nzi, ambao nao wanakusalimu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi katika dunia ya simu. Simu ya nyumba hii unaijua. Tantine yako hufungua ujumbe wa sauti mbele ya jirani yetu Hortense, sauti ikiwa juu kabisa, na Hortense hujibu kabla yetu. Yapo mambo yanayohitaji bahasha. Serge, dereva wa lori la maharage linalokuja huko Kisangani, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita familia ilinipa heshima ya kuwa msemaji katika posa ya Nadège, binti wa binamu yangu. Unajua jinsi mjomba wako, aliyekuwa préfet, yaani mkuu wa shule, miaka mingi, anavyokuwa akishikishwa mikrofoni. Nilisalimu, nikanyamaza kidogo ili kunyamaza kwangu kusikike, kisha nikapandisha sauti. Nikafika mahali ambapo hotuba humshika msemaji mkono na kumpeleka inakotaka yenyewe, nikasikia mdomo wangu ukitangaza: “Na karamu ya harusi, tarehe ishirini Julai, itafanyika katika uwanja wangu, kwa maana uwanja wangu ni uwanja wenu!” Vigelegele vilipasua turubai. Nilipoketi ndipo nilipokumbuka kwamba uwanja ule una makayabo ya Kaswera, na kwamba mwenye makayabo alikuwa Kasenyi.

Hajui. Sijamwambia. Si kwamba naogopa, msemaji haogopi. Natafuta tu saa inayofaa. Ila nakumbuka siku ile nilipotoa viti vyetu vyote kwa matanga ya watu tusiowajua, jinsi alivyoacha kuniita Papa Prince, kwa jina la mwana wetu, akaniita “Monsieur le Préfet” mwezi mzima.

Uliwahi kunieleza kwamba mémoire yako, kazi ya kumalizia chuo, inahusu kunasa mruko wa ghafla wa ishara na kuandika umetokea lini. Nifafanulie namna hiyo. Nauliza kwa ajili ya elimu tu.

Na soutenance yako ya Aprili, utakapoitetea kazi hiyo mbele ya walimu, itakuwa siku gani hasa? Mama yako anataka kushona kitenge.

Mjomba wako anayekuombea akili na usingizi,
Hippolyte


Kisangani, tarehe 30 Machi 2024

Nonko, mjomba wangu mheshimiwa,

Barua yako imefika ikinukia mazout ya lori na maharage. Serge alikwama njiani, Nia-Nia, mpaka akawa anajulikana kwa jina na mbuzi wa pale. Mimi ni mzima, na Sandrine ninayekaa naye chumba kimoja anawasalimu. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amealikwa, lakini kompyuta bado inapumua. Mwambie mama asiache kulalamika.

Sasa elimu uliyoniomba. Ndani ya kompyuta nimetengeneza seli moja ya neva. Si seli ya kweli. Ni hesabu zinazojifanya seli. Ninailisha umeme kidogo kidogo. Kwa muda mrefu ishara yake inatulia chini kama maji katika sufuria, kisha inapanda polepole, halafu ghafla inaruka juu kabisa na kuanguka. Huo ndio mruko, na kazi yangu ni kuutambua na kuandika wakati wake. Tunachora mstari tunaouita kizingiti. Ishara ikiuvuka kutoka chini kwenda juu, tunaandika: mruko mmoja. Ikiendelea kukaa juu ya mstari hatuhesabu tena, na ikishuka hatuhesabu. Mgeni huingia nyumbani mara moja, hata kama atakaa sebuleni mpaka jioni.

Jambo la pili. Seli ikisharuka, hupumzika. Katika pumziko hilo hata ukiichokoza namna gani, haiwezi kuruka tena.

Kazi yangu inaendelea vizuri. Chef de travaux Mbuyi, mwalimu anayeniongoza, ameisoma na kusema “Hm.” Kitenge kinaweza kungoja kidogo, nasikia rangi nzuri hazijafika sokoni.

Lakini nonko, tantine si seli. Mwambie tu.

Mpwa wako asiyewasahau,
Bénédicte


Bunia, tarehe 27 Aprili 2024

Mpwa wangu mwenye akili,

Tunakusalimu sote. Mama yako amepata jiko jipya la makaa na sasa analalamikia jiko. Tantine yako anafanya kazi kama kawaida, ingawa nimeona vichanja vya uwanjani vinapungua. Nahofia biashara yake imelegea, na adabu inanizuia kuuliza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, isipokuwa sentensi yake ya mwisho, ambayo niliichukulia kuwa kosa la kalamu. Nikaanza uchunguzi. Nilichagua kumtazama tantine yako kwenye chai ya asubuhi na kwenye chakula cha jioni, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo mwanaume mwenye heshima anaweza kumtazama mkewe bila kuulizwa sababu. Kizingiti nilikiweka pale anapoacha kusema Papa Prince na kuanza kusema Monsieur le Préfet. Mwanzoni nilikosea. Alipogombana na muuza chumvi mlangoni nilihesabu miruko tisa, nikamkumbuka mgeni wako wa sebuleni, nikafuta minane. Na muuza chumvi si mimi, kwa hiyo nikafuta na wa tisa.

Lakini lililonivutia zaidi ni pumziko. Kama seli iliyokwisha kuruka haiwezi kuruka tena, basi mtu mwenye busara angesababisha mruko mdogo, juu ya jambo dogo, na palepale, kabla pumziko halijaisha, angetaja harusi. Hoja hii niliigeuza pande zote, sikuona ufa.

Nikachukua thermos yake ya maua mekundu, nikaiangusha. Kishindo kilikuwa cha kuridhisha. Tantine yako akatoka na kisu cha samaki mkononi.

“Iko nini?”

“Thermos imeanguka.”

“Imeanguka yenyewe?”

“Nimeiangusha mimi.”

Akanitazama. Nikaungoja mruko kama mtu aliyetega ndoo chini ya paa akisikia radi. Akaja taratibu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

“Papa Prince, weye uko mugonjwa. Martine! Leta dawa ya malaria!”

Nimemeza vidonge vichungu kwa ugonjwa nisiokuwa nao, nimenyweshwa uji, nimefunikwa blanketi mchana wa jua. Katika hali hiyo ningetangaza karamu kwa mdomo upi?

Tangu hapo ishara imetulia tuli. Imetulia mno. Ili kutoitikisa, naosha sahani, nachota maji, nanyamaza. Mikutano miwili imenialika kusema na nimekataa kwa heshima, nisije nikagawa na paa.

Aprili inakwisha, na kuhusu soutenance umenijibu rangi za vitenge. Ni lini?

Mjomba wako, mzima kabisa na aliyetibiwa,
Hippolyte


Kisangani, tarehe 25 Mei 2024

Nonko wangu,

Salamu kwa mama, kwa jiko lake jipya, kwa tantine na kwako mgonjwa. Sandrine alinikuta nacheka peke yangu na barua mkononi, akadhani nimepata mchumba. Huku kuna joto na ndizi, mengine ni yale yale.

Acha nikusimulie yaliyonipata, maana yanakuhusu. Chef de travaux Mbuyi aliniita ofisini. “Mademoiselle,” akasema, “seli yako ni mvivu. Unailisha umeme wa kutosha kijiji, na yenyewe haikasiriki?” Nikamwonyesha matokeo: ishara imetulia, mstari umelala. Akauliza: “Unaitazama kila baada ya muda gani?” Nilipomjibu, akafunga macho kama padri anayesikia dhambi aliyoitarajia. Kumbe hatua yangu ya muda ilikuwa ndefu mno. Kati ya kutazama na kutazama, seli iliruka, ikaanguka, ikapumzika, na mimi nilipogeuka nikaikuta imeketi na adabu zake zote. “Ishara iliyotulia,” akaniambia, “ama haijaruka, ama imekwisha kuruka wewe ukiwa hupo.”

Nonko, chai ya asubuhi na chakula cha jioni ni hatua ndefu sana kwa mwanamke anayeamka kabla ya jogoo na kushuka Kasenyi kila juma.

Dawa ipo. Mruko uliokuponyoka huacha alama. Unachukua kipimo cha kabla na kipimo cha baada, unavuta mstari kati yao, na pale mstari unapokata kizingiti ndipo unapoandika wakati. Basi tafuta kabla na baada. Na uniambie jambo moja: hivyo vichanja vinavyopungua, vinakwenda wapi?

Kuhusu soutenance, Serge anapiga honi, lazima nifunge bahasha.

Mpwa wako mwenye haraka,
Bénédicte


Bunia, tarehe 22 Juni 2024

Mpwa wangu,

Nyumba inakusalimu, na safari hii salamu za tantine yako ni ndefu kuliko zangu, utaona kwa nini.

Barua yako ilinifanya niketi. Nikavuta mstari. Kabla: Ijumaa ile ya Februari aliposhuka Kasenyi, aliondoka akiimba wimbo wa kwaya, akanifungia kifungo cha shati. Baada: Jumatatu aliporudi, maneno yake ya kwanza yalikuwa “Bonjour, Monsieur le Préfet,” na kwa juma zima nilikula makayabo ambayo hayakulowekwa, mpaka nikaamka usiku kutafuta mtungi. Nami nilikuandikia kwamba ni unyevu wa hewa! Kisha nikaenda kuchungulia kwa Hortense. Vichanja vyote viko kwake, vimepangwa safi, makayabo yakiota jua la jirani.

Nikarudi nyumbani, nikafunga tai, nikamwendea. Alikuwa anapara samaki.

“Mama Prince,” nikaanza, “katika safari ndefu ya ndoa, huja nyakati ambapo mmoja, akiongozwa si na majivuno bali na upendo wa ukoo—”

“Préfet, umemaliza?”

“Sijaanza.”

“Basi usianze. Mwisho yake mi najua. Harusi ya Nadège iko hapa, le vingt juillet.”

Nikakaa juu ya ndoo.

“Nani alikuambia?”

“Nani! Unasema na mikrofoni mbele ya watu mia mbili, unaniuliza nani! Kesho yake tu, Charlotte, tantine ya bwana harusi, alinikuta Kasenyi kwa mitumbwi. Ati, ‘Mama Kaswera, kwa uwanja yako tulete samaki ya kukaanga ao ya kuchemsha?’ Mi niko na matope mpaka kwa magoti, lori imekwama, na huyu ananiuliza uwanja yangu!”

“Ukakasirika?”

“Nilikasirika? Wavuvi walisukuma mitumbwi ndani ya maji hata hawajamaliza kushusha samaki! Kama ungekuwa karibu, Nadège angesherehekea matanga.”

“Halafu?”

“Halafu lori ikapanda mulima pole pole, mi nikachoka kukasirika. Ikabakia tu ile ya chumvi. Juma moja, ikaisha. Nikaanza kuhesabu viti.”

“Na miezi yote hii hukusema neno!”

Akaweka kisu chini. Akacheka mpaka magamba ya samaki yakamruka begani.

“Niseme juu ya nini? Weye unaosha sahani. Unachota maji. Na unanyamaza! Tangu tulioana sijaona nyumba kimya namna hii. Hortense anakuja kuisikiliza tu. Nikikuambia, si utaacha?”

“Na thermos?”

“Ah, pale nilisema: maskini, siri inataka kumuua. Ndiyo maana nikakupa dawa.”

Nilidhani hukumu imekwisha. Lakini alipochukua tena kisu chake akasema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele: “Uwanja iko yangu, nimeitoa. Lakini siku ile mikrofoni pia iko yangu. Weye utakaa.”

Nitakaa, Bénédicte. Nimeandaa hotuba ya harusi hii tangu Machi, ina sehemu nne na machozi katika sehemu ya tatu, na nitakaa. Nakiri sasa kwamba niliogopa, na kwamba niliogopa kitu kilichokwisha kupita.

Basi tuongee kama watu wawili waliokamatwa. Kabla: Desemba uliniandikia kwamba utatetea kazi yako Aprili. Baada: Juni unaniletea vitenge na honi za lori. Nimevuta mstari. Kuna mruko umepita hapo katikati. Andika.

Mjomba wako asiye na mikrofoni,
Hippolyte


Kisangani, tarehe 10 Julai 2024

Nonko wangu,

Barabara imekauka, Serge amefika upesi, na nimekosa kisingizio. Salamu kwa wote; msije mkaruka mstari mkakimbilia hapa chini.

Ulipovuta mstari ulipata. Machi, Chef de travaux Mbuyi alifuta jina langu katika orodha ya Aprili. Ile “Hm” niliyokuandikia ilikuwa ndefu zaidi; ilikuwa na maneno, na neno mojawapo lilikuwa “upya.” Nililia, nikajifungia, na nilipotoka nikakuandikia juu ya rangi za vitenge. Niliogopa mama angesikia kwamba binti aliyemsubiri miaka yote hii, katika nyumba isiyo yake, amerudishwa nyuma kwa sababu hakutazama vizuri.

Nimefupisha hatua. Seli inaruka, nami nipo inaporuka. Natetea Ijumaa tarehe kumi na tisa, mkesha wa harusi, kwa hiyo sitakuja. Nikifaulu nitatuma ujumbe wa sauti kwa simu ya tantine. Acha Hortense ajibu kwanza. Nisipofaulu, nitanyamaza, na utajua kusoma ukimya.

Mpwa wako aliyekamatwa,
Bénédicte


Bunia, tarehe 27 Julai 2024

Mpwa wangu, sasa Licenciée Bénédicte,

Salamu nitazifupisha, kwa sababu zilikwisha kutolewa mbele ya watu mia tatu.

Ijumaa simu haikulia. Mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini mambo hayo nani huyakumbuka akiwa na moyo mkononi? Nilisoma ukimya wako usiku kucha, nao ulisomeka vibaya. Mama yako nilimwambia habari za Machi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Maharage yangu pia nimeyarudia mara ngapi?” Akaenda kulala.

Jumamosi uwanja ulikuwa safi, hauna nzi hata mmoja. Nilikaa nilipoambiwa nikae, tai shingoni, mikono juu ya magoti. Tantine yako alikuwa na mikrofoni na sentensi mbili alizozikariri kwa juma zima: karibuni, na kuleni. Alikuwa amemaliza ya kwanza mtandao uliporudi. Simu ikalia ndani ya kitenge chake. Hortense akaichomoa, akaifungua, na kwa kuwa ile sauti ya kawaida haikumtosha, akaiweka mdomoni mwa mikrofoni. Uwanja mzima ukakusikia: “Tantine, nimefaulu! Avec distinction! Mwambieni mama!”

Mama yako hakuambiwa. Alikuwa amekwisha kufika katikati ya uwanja akicheza, na viatu vilibaki alipokuwa ameketi. Vigelegele vilipanda, vikashuka, vikapanda tena. Nami, Bénédicte, safari hii sikungoja chai wala chakula cha jioni. Nilikuwa namtazama Kaswera bila kupepesa. Nikaona ishara inapanda. Nikaona kifua kinajaa, kidole kinainuka, macho yanakwenda mbali, mahali ninapopajua vizuri kuliko mtu yeyote Bunia. Nikaona inavuka kizingiti.

“Na mutoto wa kwanza wa Nadège,” ikanguruma sauti ya mke wangu, “batizo yake iko hapa! Bénédicte akirudi, fête yake iko hapa! Na kwaya yote ya parokia, Noeli, mutakula hapa!”

Turubai, lile lile la posa, likapasuka tena, pale pale nilipokuwa nimelishona.

Akaja kuketi karibu nami. Nikaona anaangalia ua wa Hortense, vichanja vyake vyote, na midomo yake ikihesabu miezi mpaka Noeli. Kisha akaniinamia sikioni, akasema polepole:

“Papa Prince, tafadhali, usimuambie Kaswera.”

Sijamwambia. Leo ni juma zima, na sahani anaosha yeye.

Mjomba wako, aliyekuwepo mruko ulipotokea,
Hippolyte